Kitanda Kisitoke

Niseme mapema ili tusidanganyane: Balozi wetu sikumpenda. Watu wengi wa Tandale ya bondeni walimpenda, na wale waliobaki hai ukiwatajia habari zake wanatikisa kichwa na kusema, "Aa, yule mzee bwana, yule alikuwa mtu." Ni kweli, alikuwa mtu. Mie mwenyewe nimewahi kumpikia uji akiwa na homa, na nimewahi kumwombea afe, na yote mawili niliyafanya kwa moyo wangu wote.

Jina lake nalijua, na kwao nakujua, kusini huko kwenye mihogo na korosho, lakini hayo hayakuwa na kazi kwetu. Nyumba nzima ilimwita Balozi kwa sababu ndiye aliyekuwa balozi wa nyumba kumi, mwakilishi wa chama mtaani. Mkewe alimwita Balozi. Hata yeye akijikwaa alikuwa akijiambia, "Balozi, tazama mbele." Alipanga chumba cha mbele, mkono wa kulia. Sie tulipanga chumba cha mwisho, mkono wa kushoto, kile ambacho ukuta wake wa nje ulitazama mtoni. Tulikuwa watatu humo: mama, mie Zaina, na mdogo wangu Mwajuma. Baba alishafariki. Mama alikaanga maandazi uani na kuyauza kibarazani, na hicho ndicho tulichokula.

Kazi yake Balozi ilikuwa ukuli bandarini. Kila alfajiri alipanda basi la kwanza kwenda Kurasini, akarudi jioni mabega yamechubuka, ananuka katani na mafuta ya meli. Ungedhani mtu wa namna hiyo akifika nyumbani anajitupa. Wapi! Alikoga, akavaa kanzu yake ya kijivu, akachukua kisu kidogo cha kumenyea mihogo, akaanza kuzunguka nyumba zake kumi akichoma kuta.

Ndiyo, kuzichoma. Nyumba zetu zilikuwa za miti na fito, zimekandikwa udongo, na bondeni pale udongo haukauki sawasawa hata kiangazi. Yeye alichoma kisu ukutani, chini karibu na sakafu, akasikiliza kwa mkono. Kikiingia mpaka kwenye mpini alisema, "Huu unakunywa." Hapo wenye chumba walijua walale upande wa pili mpaka ukandikwe upya. Kikigoma alisema, "Huu umelala," akaenda zake. Katika miaka yote tuliyokaa naye sikumbuki ukuta uliomdanganya, isipokuwa mmoja.

Kusalimiana naye kulikuwa shughuli. Hakupokea shikamoo ya kupitia. Ulikuwa utue ndoo, usimame, ndipo akujibu, "Marahaba. Nyumbani wazima? Ukuta mzima?" Aliyaunganisha hivyo, kama vile ukuta ni shangazi yako. Sie watoto tulimwigiza tukiwa kisimani mpaka tukachapwa na mama zetu. Naye alijua tunamwigiza, na siku moja alisimama nyuma yangu akanisikiliza mpaka mwisho, kisha akaniambia, "Umesahau kukunja uso, Zaina."

Mtu huyu, pande la mtu lililobeba magunia mawili ya sukari mgongoni, alikuwa anaogopa jongoo. Siongezi chumvi. Mvua zikianza na jongoo wakaingia ndani, Balozi alipanda juu ya kigoda akapiga kelele, na mkewe alicheka mpaka akajishika ubavu. Aliyemwokoa alikuwa Mwajuma, wakati huo hajafika hata miaka sita. Alikwenda na kijiti, akamviringisha jongoo, akamtoa nje kwa heshima zote. Balozi akampa jina la Askari. Akirudi kutoka kazini, kabla hajavua viatu, utamsikia ukumbini: "Askari yuko wapi? Chumba changu kimekaguliwa?" Naye Mwajuma alisimama wima akasema, "Kimekaguliwa, Balozi!" Hapo alipewa kipande cha sukari guru, na mie nilikuwa naona wivu.

Balozi alikuwa na daftari. Ukubwani, kwenye madarasa ya watu wazima, ndiko alikojifunza kuandika, na herufi zake zilikuwa kubwa, zimeinama upande mmoja. Humo aliandika kila anayelala katika nyumba zake kumi. Leo mtu anaweza kucheka, lakini miaka ile ya Ujamaa daftari la balozi lilikuwa uhai. Sukari, unga, sabuni, vyote viligawiwa kwa orodha ya balozi. Jina halimo, hupati. Tena siku zile mtu aliyeonekana hana kazi wala makazi mjini alikamatwa akapandishwa lori kwenda kulima vijijini. Mama hakuwa na kazi ya kuandikiwa karatasi. Alikuwa na maandazi na alikuwa na chumba. Akipoteza chumba, jina lingefutwa, na jina likifutwa, sie watatu tulikuwa watu wa lori. Hilo mama alituambia waziwazi, akatuonya tusimjibu vibaya mtu yeyote katika nyumba ile.

Mwenye nyumba hakukaa nasi. Alikaa mtaa wa juu, mkavu, mtu wa pwani mwenye maneno laini na mkono mgumu. Balozi akisimama kwenye mikutano ya chama aliwaita wenye nyumba kupe, mirija, wanyonyaji, mate yanamruka. Ijumaa mchana, huyo huyo Balozi, na kofia yake safi, unamkuta kwa mwenye nyumba amekunja miguu mbele ya sinia la pilau. Mama hakuweza kunyamaza. "Balozi, jana kupe, leo pilau?"

Hakuona haya hata kidogo. "Mama Zaina, mie namdai bati na ukuta. Pilau simdai. Akinikaribisha, nakula."

Na alikuwa mkali kwa mambo yasiyo na kichwa wala miguu. Alimkemea mkewe kwa kuanika kanga nyekundu siku ya mkutano. Alikataa kula mayai, hakusema kwa nini. Mgonjwa akipelekwa hospitali alikuwa wa kwanza kushika machela, lakini mgonjwa huyo akirudi amepona hakwenda kumtazama, alisema mzima hana haja naye. Ukimwomba ushauri alikupa amri. Hakujua njia nyingine.

Amri yake kubwa kuliko zote ilihusu kitanda, nayo ilikuja kwa sababu ya kunguni.

Chumba cha katikati alikaa fundi cherehani, kijana mpole. Siku moja ya Jumapili alitoa kitanda chake nje akakimwagia maji ya moto, akakianika juani, kama kila mtu alivyofanya. Kunguni wa Tandale wasipochemshwa watakubeba. Akaenda sokoni kidogo. Aliporudi alikuta kufuli jipya mlangoni, na mwenye nyumba ameketi kibarazani anajipepea. "Kijana, umehama. Kitanda kiko nje." Maana hiyo ndiyo ilikuwa desturi ya vyumba vya kupanga: kitanda ndicho kinachoshika chumba. Kikiwa ndani, umo, hata ukisafiri miezi. Kikivuka kizingiti cha nyumba, umeondoka.

Balozi alilipeleka shauri lile mpaka baraza la nyumba, linaloamua kesi za wapangaji. Alieleza habari za kunguni, akawachukua hata wawili kwenye kiberiti kama ushahidi. Watu walicheka, na fundi akashindwa. Baada ya wiki mbili akachukuliwa na lori, na cherehani yake ikabaki kwa mkewe Balozi. Hatukumwona tena. Tangu siku hiyo Balozi alipita mlango kwa mlango: "Chemsheni kunguni ukumbini. Fagieni ndani. Mgonjwa, maiti, harusi, sijali. Kitanda kisitoke."

Kwa hiyo katika nyumba yetu kunguni walichemshiwa ukumbini, maji yakatiririka mpaka uani, na watoto tukateleza tukavunja meno. Mwenye nyumba alipita akatazama, akatabasamu, akaenda zake.

Sasa nifike kwenye maji.

Masika ya kwanza ninayoikumbuka vizuri ilileta mto ndani. Maji yalimfika mama mapajani na Mwajuma kifuani. Tuliinua kitanda juu ya mawe na madebe, tukakaa juu yake watatu, na kuku wa jirani wa nne. Kitanda chetu kilikuwa kile cha kamba tunachoita teremka tukaze, kwa sababu kila baada ya siku chache kamba zinalegea, mnashuka mnazikaza. Maji yalipopungua Balozi alikuja na kipande cha mkaa, akapiga mstari ukutani pale yalipofikia. "Huyu bwana atakuja kusema yalikuwa umande," alisema.

Kweli mwenye nyumba alikuja. Akatazama mstari. "Nani kanichorea nyumba?" Udongo ulikuwa umemumunyuka chini, fito zinaonekana kama mbavu. Mama akamwomba akandike. Yeye akasema chumba kile kimeharibiwa na uzembe wetu, tukikandike wenyewe au tutoke. Mama akasema hatutoki. Kesho yake walikuja watu wawili wakang'oa mlango wetu, eti unakwenda kwa seremala kurekebishwa. Haukurudi. Tulikaa mwezi na zaidi tukiwa na kanga badala ya mlango, mama akilala kizingitini, na mbuzi wa mtaani walituingilia wakala unga.

Hapo nikamwona Balozi katika ubora wake, siwezi kumnyima hilo. Alichukua kamba ya katani, akaipima kutoka sakafuni mpaka kwenye mstari wa mkaa, akaikata. Siku ya baraza alimsimamisha Mwajuma mbele ya wazee, akaweka mwisho wa kamba miguuni pake na kuinyoosha juu. Ikamfika kifuani. "Ndugu wajumbe," akasema, "ukuta sikuweza kuuleta. Nimeleta mtoto na kamba. Mwenye nyumba anasema ni uzembe. Naomba mniambie, mtoto huyu azembee vipi ili maji yamfike hapa?"

Tulishinda. Mwenye nyumba akaamriwa arudishe mlango na atengeneze kuta zote kabla ya masika nyingine. Mama alilia njia nzima kurudi. Balozi alimbeba Mwajuma mabegani, na mtaa wa bondeni ukatoka kutupokea kama tumetoka Maka.

Mwenye nyumba, mjanja, akasema hana ubishi, ila saruji ataipata wapi? Wakati ule saruji ilikuwa kwa kibali tu. Basi Balozi akakitafuta kibali yeye. Alipanga foleni wiki nzima ofisini, akakosa kazi siku zote hizo, akakipata. Akaja na makuli wenzake watano, wakabeba mifuko kutoka barabarani mpaka nyumbani huku wakiimba. Alitaka lipu ya saruji, siyo udongo juu ya udongo. Alitaka kitu ambacho mto ukikigonga unarudi.

Fundi aliyekuja alikuwa mzee wa Kizaramo, mkono wake unatetemeka. Aligusa ukuta wetu uliokandikwa juzi, akanusa vidole. "Huu mbichi, Balozi. Uacheni miezi miwili, mitatu, upigwe jua. Ukiufunga sasa, maji yatabaki ndani."

Nilikuwepo. Nilikuwa namshikia fundi ndoo. Balozi akatazama upande wa mtaa wa juu, kwa mwenye nyumba, akasema, "Miezi mitatu? Atakuwa ameshabadili maneno na saruji ameshaiuza. Piga leo."

Fundi akapiga. Ukuta ukawa laini, wa kijivu, baridi ukiuegemea. Mama alikuwa akiupapasa akipita. Majirani walikuja kututembelea ili wauone tu. Mstari wa mkaa ulifunikwa, na Balozi alisema hatutauhitaji tena.

Masika iliyofuata ilinyesha siku tatu bila kupumua. Siku ya pili watu wa nyumba za jirani walianza kutoa vitanda kupeleka shuleni, kwenye mwinuko. Mwajuma alikuwa na homa kali tangu usiku, analia kichwa. Maji yalikuwa ndani, chini ya kitanda. Mama akanituma nimwite Balozi.

Alikuja na kisu chake. Akachuchumaa kwenye maji, akachoma ukuta chini. Kisu kikagoma, kwa sababu kilikuwa kinachoma saruji. Akagonga kwa mpini mara mbili. "Umelala, Mama Zaina."

"Mtoto anaungua, Balozi. Wenzetu wanakwenda shule. Nami nikitoe kitanda nimlaze huko."

"Yule bwana yuko kibarazani kwa jirani tangu asubuhi, anahesabu vitanda vinavyotoka. Chumba hiki tumekipigania mwaka mzima."

"Hata leo?"

"Hata leo. Kitanda kisitoke."

Mtu atauliza, kwa nini mama hakumbeba mtoto bila kitanda? Shuleni watu walilala sakafuni kwenye matope waliyoingia nayo miguuni, na mtoto mwenye homa humlazi kwenye matope. Kitanda chetu ndicho kilikuwa mahali pakavu. Mama alimsikiliza Balozi kwa sababu Balozi alikuwa hajakosea.

Siku ya nne asubuhi mvua ikakatika na jua likatoka, jua zuri kabisa, kila mtu akasema alhamdulillahi. Mwajuma alikuwa ametoka jasho, homa imeshuka, amelala. Mama akatoka uani kukamua nguo. Mie nilikwenda kisimani. Nilikuwa narudi na ndoo kichwani nilipouona ukuta wetu kwa nje. Haukuanguka kwa kishindo kama watu wanavyodhani. Ulikaa chini tu, taratibu, kama mtu aliyechoka, ukainamia ndani. Lipu ililala juu ya kitanda ikiwa kipande kimoja.

Balozi siku hiyo hakwenda kazini kwa sababu barabara ilikuwa bado imejaa maji. Ndiye aliyefika kwanza. Alifukua kwa mikono mpaka kucha mbili zikatoka, na watu wanne wakanyanyua lile bamba la saruji. Mwajuma alikuwa chini yake kwenye kitanda, na kitanda kimevunjika katikati. Sitasema zaidi juu ya hilo.

Nitakachosema ni kuhusu bamba. Walipoligeuza, upande wa ndani ulikuwa udongo uliolegea kama uji, na fito zimeoza nyeusi. Mwaka mzima maji yalikuwa humo. Balozi akachota ule udongo kwa kiganja, akautazama, ukampita kati ya vidole. "Ulikuwa unakunywa," alijisemea. Alasiri tukamzika Mwajuma. Balozi ndiye aliyeingia kaburini kumpokea.

Baada ya siku tatu mwenye nyumba akaja kutoa pole, akatoa na ubani, kisha akamwambia mama kwa sauti ya huruma kwamba kwa kuwa kitanda hakipo tena, chumba ni kama kimeachwa. Mama alikuwa amekaa ukumbini na kanga usoni. Balozi akainuka, akaingia chumbani mwake, tukasikia vitu vikiburutwa. Akatoka na kitanda chake mwenyewe, cha mninga, kizuri, ambacho mguu mmoja ulikuwa umeungwa kwa mti wa mwembe. Akakipitisha ukumbini mbele ya mwenye nyumba, akakiingiza chumbani mwetu, chumba chenye kuta tatu na turubai. Yeye na mkewe wakaanza kulala kwenye mkeka.

Ungefikiri tungemshukuru. Mama alilala kwenye kitanda kile kwa sababu hakuwa na kingine, lakini aliacha kumsalimia. Balozi akipita ukumbini, mama alitazama ukuta.

Kisha ikaja siku ya sukari. Balozi alitupimia ya watu watatu. Mama akalitazama bakuli. "Sie wawili, Balozi."

"Daftari linasema watatu."

"Mfute."

Hakumfuta. Mwezi uliofuata tena ikawa ya watatu, na uliofuata. Mwishowe mama alichukua lile fungu la tatu, akatoka nalo, akalimwaga kwenye matope mbele ya watu wote waliopanga foleni. Sukari, miaka ile! Mtu mmoja alisema "Astaghfirullah." Balozi aliinama juu ya daftari lake, lakini hata hapo hakumfuta.

Tulimaliza mwaka. Mjomba wetu wa Temeke alipata kazi kiwandani na chumba cha pili, akatuita. Asubuhi ya kuondoka, mama hakufunga hata kanga moja kabla ya kufanya jambo lake. Alinishikisha upande wa miguuni, yeye akashika kichwani, tukakitoa kitanda cha Balozi chumbani, tukapita nacho ukumbini, tukakitua nje mbele ya kibaraza alipokuwa akivaa viatu vya kazi. Wapangaji wote wametoka kutazama.

"Kitanda kimetoka, Balozi," mama alisema.

Ndiyo maneno ya mwisho aliyomwambia. Mama aliishi miaka mingine kumi na moja, na sikumsikia akimtaja, kwa kheri wala kwa shari.

Mie ndiye niliyemtaja, kimoyomoyo, kila masika. Nilikuwa na maneno yangu nimeyapanga. Nilikua nayo, nikaolewa nayo, nikaanza kazi katika kiwanda cha nguo nayo yamo kifuani. Nilitaka kumwambia hivi tu: fundi alikwambia usubiri, nami nilikuwa nimeshika ndoo, nilisikia. Kwa hiyo mwanamke mmoja wa Tandale niliyekutana naye sokoni aliponiambia Balozi yu hai, yuko Tabata kwa binti yake, amezeeka na anaulizauliza habari zetu, sikulala vizuri. Jumapili ikanikuta Tabata.

Ilikuwa nyumba ya matofali, imara, mahali pa juu ambapo mto haujawahi kufika wala hautafika. Mawingu yalikuwa yamejikusanya. Nilipobisha hodi binti yake alinifungulia, mwanamke wa rika langu aliyelelewa na bibi yake kusini, hatukuwahi kuonana. Hakunipa hata nafasi ya kujieleza. "Karibu, dada, afadhali umekuja. Hebu nisaidie, mzee ameshaanza."

Nikamwona. Mabega yale yalikuwa yamekwisha, yamebaki mifupa chini ya kanzu ya kijivu. Alikuwa mlangoni mwa chumba chake anakiburuta kitanda peke yake, inchi kwa inchi, anapumua kwa mdomo. Kitanda cha mninga. Mguu mmoja umeungwa kwa mwembe.

"Kila mawingu yakitanda ni hivi," binti alisema kwa sauti ya chini, macho yamejaa machozi ya hasira. "Anakitoa nje, anakaa juu yake mvuani. Majirani wanasema namfukuza baba yangu. Mwaka jana alipata kichomi karibu afe. Mwambie akirudishe, wewe mgeni huenda akakusikiliza."

Nikasogea. "Shikamoo, Balozi."

Akasimama. Ukongwe wote ule, lakini alisimama wima kupokea salamu. "Marahaba. Nyumbani wazima? Ukuta mzima?"

"Mie Zaina, Balozi. Wa chumba cha mwisho."

Alinitazama. Nikaona amenijua, na nikaona anamtafuta mtu mwingine nyuma yangu, chini kidogo, kimo cha mtoto. "Askari yuko wapi?"

Sikujua kama akili ilikuwa imemhama au ananiuliza kwa makusudi ili nimjibu. Nikamjibu. "Askari alibaki Tandale, Balozi. Wewe ndiye uliyempokea kaburini."

"Fundi aliniambia nisubiri," akasema.

Maneno yangu yalikuwa hayo. Nilikuwa nimetoka nayo Temeke, nimeyabeba tangu utotoni, na yeye alikuwa nayo kinywani tayari.

"Aliniambia miezi mitatu," akaendelea. "Nami nikamwambia mama yako kisitoke. Aliuliza hata leo, nikasema hata leo." Akafuta mdomo kwa mkono wa kanzu. "Mama yako aliwahi kunitaja?"

Ningeweza kudanganya. Mtu mzee, mlango wa kaburi, ungekuwa uongo wa sadaka. "Hapana, Balozi. Mpaka anakufa hakukutaja."

Akatikisa kichwa polepole, kama mtu aliyetajiwa bei aliyoitarajia. Matone makubwa yakaanza kugonga bati. Binti alipiga kelele nyuma yangu, "Dada, jamani, mwingize! Kikirudi ndani atakifuata!"

Balozi alishika tena ubao wa kichwani, akavuta, kitanda hakikusogea. Kilikuwa kimenasa kwenye kizingiti. Alinitazama. Mvua ilikuwa inazidi.

Nikatua mkoba wangu chini, nikashika upande wa miguuni, ule wenye mwembe. Tukakiinua, tukakivusha. Tulipofika nje nikataka kukitua palepale chini ya paa.

"Bado, Zaina," akasema. "Mbali na ukuta."

Tukasogea mbali na ukuta.